Safu ya Jalidi

Kitabu kilitoka nchi ambako ardhi huvimba kwa baridi.
Nakala yetu haina ukurasa wa arubaini na tatu,
na juu ya jedwali la unene
kuna duara la kikombe cha kahawa
la mtu aliyekalia kiti hiki kabla yangu.

Safu ya nne: kina cha jalidi.
Neno lenyewe nililitafuta kwenye kamusi.
Jalidi, au sakitu.
Maneno mawili ambayo huku Ziwa la Ng'ombe
hakuna aliyewahi kuyahitaji.

"Tia sufuri," alisema Mhandisi Bakathir,
akijipangusa jasho kwa tai. "Tia sufuri, wende mbele."

Sikutia. Kwanza nilikwenda kuhesabu.

Siku tatu juu ya kreti ya soda, mdomoni mwa kichochoro,
kokoto mfuko huu, kokoto mfuko ule:
mikokoteni arubaini na mmoja,
tuktuk kumi na tisa, moja ikirudi kinyumenyume,
lori la taka ambalo watu waliapa kwamba huja,
jeneza moja, mabegani, mbiombio kabla ya adhuhuri.
Kitabu hakihesabu miguu.
Kitabu chataka ekseli, tani, miaka ishirini.
Basi nikaandika gari zito kuliko yote:
bauza la maji, Jumanne na Ijumaa, mifereji ikikauka.
Ukipiga hesabu sawasawa,
unene wa barabara hii ni unene wa kiu yetu.

Lakini ile safu.
Sijawahi kuona ardhi ikiganda.
Nikamimina zege kwenye kopo la samli, likakauka,
nikalilowesha, nikampelekea Bi Mwanasiti
kwenye friza yake ya barafu za ukwaju.
"Wanitilia jiwe kwenye riziki yangu?"
Usiku mmoja tu, nikamwambia. Zikawa siku tisa,
na stima siku hizo ilikuwa ikienda na kurudi,
ikienda na kurudi,
na hiyo ndiyo iliyonisomesha:
baridi peke yake haivunji kitu.
Kinachovunja ni kuganda na kuyeyuka,
kuganda tena, kuyeyuka tena.
Asubuhi ya kumi pembe ya jiwe ilibaki kiganjani mwangu
chengachenga, kama sukari guru.

Nikatoka nje nikautazama ukuta wa kina Mbodze,
pale rangi ya buluu inapoishia na ukurutu kuanza.
Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na chumvi.
Masika huipandisha, jua huikausha,
masika mengine huirudisha.
Nikapima kutoka chini hadi kwenye ukurutu,
na kwenye safu ya jalidi nikaandika:
sentimita thelathini na tano, Mei.

Kwa hiyo tuliinua tumbawe lililosagwa, tukalishindilia,
tukalilaza upande kuelekea mtaroni.
Chuma hatukutia; kingeliwa.
Inchi nane za kitabu tukazifanya sita.
Tulimwaga baada ya isha, Fundi Kalama akiguna
kwamba zege la usiku ni la wachawi,
na mapema, kabla ya jua, tukakata mistari,
kila hatua nne mstari.
Wao kule hulifunika blanketi lisigande.
Sisi tulilifunika magunia mabichi lisiungue.
Siku saba watoto walilimwagia maji
kwa ujira wa barafu moja moja,
na Bi Mwanasiti akaniandikia deni
ambalo halimo katika makadirio.

Mkaguzi ameirudisha faili. Kalamu ya kijani:
*Mombasa hakuna baridi. Fafanua.*

Sijamjibu.
Jana nilipita pale, nikachutama kama mtu aliyeangusha shilingi.
Ufa wa kwanza umefika,
mwembamba kama unywele,
na umelala ndani ya mstari,
palepale tulipouambia.